Mwache Baji Achakure

Shangazi alinikuta sebuleni nafunga punje za uwele kwenye vipande vya karatasi, kimoja baada ya kingine, kama muuza karanga wa kituoni. Akauliza ni za nani. Nikamwonyesha kizimba kilicho karibu na dirisha na baji wawili ndani yake. Akaguna. "Mwanangu, hao ndege wamekukosea nini hata uwafungie chakula?" Kabla sijamjibu akanimalizia: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tangu siku ile nimelisikia swali hilo mara nyingi, kwa maneno tofauti. Kwenye simu zinazunguka video fupi za ndege wadogo wanaofunua vikombe, wanaochana karatasi na kuvuta vijiti ili wapate punje iliyofichwa, na chini ya kila video pana ugomvi. Wapo wanaosema huo ni ukatili uliopambwa. Wapo wanaoshangilia, kisha kesho yake asubuhi wanaliondoa bakuli kizimbani ili ndege wao naye "ajue maisha". Kundi la kwanza limekosea kidogo tu. La pili linaweza kuua ndege kabla ya keshokutwa.

Ni ndege gani huyu

Baji ni kasuku mdogo wa Australia. Ana urefu wa sentimita 18 hivi, mkia ukiwamo, na wengi wa nyumbani wana uzito wa gramu 30 hadi 40, yaani ni mwepesi kuliko yai la kuku. Wa porini ni wa kijani na manjano, na mgongoni ana michirizi myeusi. Hawa wa buluu, weupe na wa kijivu wametokana na ufugaji, ulioshika kasi baada ya John Gould kuwafikisha wakiwa hai Uingereza mwaka 1840.

Sokoni kwetu wauzaji wengi humwita lavubadi, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Lavubadi hasa ni cherero: mnene, mkia mfupi kama umekatwa, mdomo mkubwa. Tena cherero ni wa kwetu. Yule wa Fischer, mwenye kichwa cha rangi ya machungwa na mdomo mwekundu, kwao ni kaskazini mwa Tanzania, Serengeti na maeneo jirani. Baji ana mkia mrefu na kimdomo kilichozama kwenye manyoya. Mtu akikuuzia "lavubadi", tazama mkia kwanza.

Tofauti hiyo ina maana hata kwenye chakula. Baji porini hula zaidi ardhini. Makundi yao huhamahama katika nchi kavu ya ndani ya Australia, yakifuata mvua na mbegu za nyasi zinazokuja baada yake. Wakitua, hutembea kati ya vichaka vya nyasi, hudonoa punje moja, huikoboa kwa ulimi na mdomo, hutema ganda, husogea. Hula sana asubuhi na jioni. Jua likiwa kali hutulia kivulini. Hawabebi chakula kwa mguu kama kasuku wakubwa wanavyoshika karanga na kuitafuna kwa madaha. Hili la mguu likumbuke, maana mimi nililisahau na likaniumbua, kama utakavyoona.

Kuchakura ndiyo nini

Neno hili tumelizoea kwa kuku. Kuku wa kienyeji akifunguliwa asubuhi hatulii: anapangua majani, anafukua jalala, anarudi hatua moja nyuma kutazama alichofukua, anadonoa, anasonga mbele. Mwite umpe mahindi, atakuja mbio na kula. Dakika kumi baadaye utamkuta jalalani tena, shingo imevimba kwa shibe, na bado anafukua. Hakuna aliyewahi kumwonea huruma kwa hilo. Tunamwonea huruma, tena kwa haki, yule wa kisasa aliyefungiwa kibandani, chakula puani, hana la kufanya ila kula na kusubiri.

Basi kumfundisha baji kuchakura ni kumwekea chakula chake kile kile, kwa kiasi kile kile, lakini kwa namna itakayomfanya akitafute, akifunue, akivute au akichane. Hakuna kinachopunguzwa. Kinachoongezwa ni shughuli.

Ajabu ni kwamba wanyama wengi huitaka shughuli hiyo hata pasipo ulazima. Mwaka 1963 mtafiti Glen Jensen aliwapa panya bakuli la chakula cha bure, na kando yake kidude ambacho panya akikibonyeza hudondosha punje. Panya wale walikuwa wameshafundishwa kubonyeza. Bakuli likiwapo, limejaa, wengi wao waliendelea kujipatia sehemu ya chakula chao kwa kubonyeza. Jambo hilo limeonekana baadaye kwa wanyama wa aina nyingi, ndege wakiwamo. Paka wa nyumbani ndiye aliyejipatia jina la kukataa kazi hiyo, habari ambayo haitamshtua yeyote aliyewahi kuishi na paka.

Ukitaka kulielewa bila maabara, mtazame mtu anayekula muwa. Anamenya kwa meno, anatafuna, anatema makapi, taya zinamuuma, na bado anaendelea. Mpe juisi ya miwa glasi nzima, ataimeza kwa mara moja na kuuliza kuna nini kingine. Utamu ni ule ule. Kilichopungua ni ile kazi ya meno.

Bakuli lililojaa lina ubaya gani?

Halina ubaya kama chakula. Ubaya wake ni muda. Kasuku wa porini wa aina kubwa wamekutwa wakitumia saa 4 hadi 6 kwa siku kutafuta na kula. Jamaa zao waliofungiwa na kupewa chakula kwenye chombo wakamaliza kwa takriban saa moja. Baji wa bakuli hula kidogo kidogo, lakini hesabu ni ile ile: mchana wetu wa Afrika Mashariki una saa kumi na mbili, na kazi aliyoumbwa kuifanya inamalizwa kwa dakika chache. Zinazobaki afanye nini?

Wengine hurudia kula kwa sababu bakuli ndicho kitu pekee kinachowapa jambo la kufanya. Baji ni mwepesi wa kunenepa, na unene humletea mafuta kwenye ini na uvimbe wa mafuta chini ya ngozi. Wengine hupiga kelele bila kukoma. Wengine huanza kujinyonyoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwafuatilia kasuku wachanga wa jamii ya amazoni, wakachapisha matokeo mwaka 2003: waliopewa chakula cha kutafuta na vitu vya kupanda na kuchezea walibaki na manyoya mazuri, na wale wa vizimba vitupu walijinyonyoa. Hao walionyonyoka walipopewa shughuli zile zile, manyoya yao yalianza kurudi. Sisemi kila baji anayejinyonyoa amechoshwa na uvivu; wapo wenye utitiri na wapo wagonjwa, kwa hiyo daktari wa mifugo ndiye wa kwanza kuulizwa. Lakini mara nyingi sana nikiitwa kutazama ndege wa mtu "mkorofi", nakuta kizimba kina kijiti kimoja, bakuli mbili na kioo.

Kuna wanaosema kaubongo kadogo kama kale hakawezi mafumbo. Baji ni miongoni mwa ndege waliochunguzwa sana kwa jambo hili hili. Katika jaribio la Dawson na Foss la mwaka 1965, baji walitazama mwenzao akikifungua chombo cha chakula kilichofunikwa. Mwalimu mmoja alikidonoa kifuniko, mwingine alitumia mguu, mwingine alikisogeza kwa mdomo. Watazamaji walipopewa zamu, walielekea kutumia njia ile ile ya mwalimu wao. Na mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti unaochekesha kidogo. Baji jike aliachwa achague kati ya madume wawili. Yule aliyekataliwa akachukuliwa pembeni, akafundishwa kufungua vyombo vya chakula vyenye hila, kisha jike akamtazama akivifungua huku yule mpendwa wa kwanza akishindwa. Majike wakahamia kwa fundi. Kwa hiyo mwenye dume mpweke nyumbani asidharau somo hili.

Kabla ya yote, mizani

Hapa ndipo wale wa "ajue maisha" wanapopotea. Baji ni moto mdogo unaowaka kwa kasi. Akiba aliyo nayo mwilini ni ndogo mno, na siku nzima bila kula ni hatari kwake. Njaa haimfundishi kuchakura. Ndege aliyezaliwa kizimbani hajui kwamba karatasi iliyokunjwa ina punje ndani, kama vile mtoto wa mjini hajui mhogo uko chini ya udongo hadi aonyeshwe. Ukimwacha na karatasi hiyo peke yake atakaa kijitini akiitazama hadi aishiwe nguvu.

Kwa hiyo tafuta mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Weka kijiti au kopo la kutulia juu yake, mzoeshe baji kupanda, na andika uzito wake kila asubuhi kabla hajala, kwa wiki moja. Hapo utajua yeye ni wa gramu ngapi. Kanuni yangu ni kwamba akipungua gramu 2 kwa siku mbili mfululizo wakati wa mafunzo, narudi hatua moja nyuma bila mjadala. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na kwa ndege wa gramu 35 hiyo ni gramu tatu na nusu tu, mafunzo yamekwisha na safari ni ya kwa daktari. Kinyesi nacho husema: kikipungua sana na kuwa chembamba, cha kijani kilichokoza karibu na weusi, ndege hali.

Halafu kuna hili la makapi, ambalo limewaua ndege wengi kuliko fumbo lolote. Baji hukoboa pale pale bakulini na kuacha maganda juu. Mtu anapita asubuhi, anaona bakuli limejaa, anaenda kazini. Jioni bado limejaa. Siku ya tatu ndege yuko chini. Lile bakuli halikuwa na punje hata moja. Yalikuwa makapi matupu. Puliza bakuli kila siku, kama mama anavyopuliza kwenye ungo, uone kinachobaki. Nalitaja kwa sababu watu wale wale wanaolaumu chakula cha karatasi huwa hawajawahi kupuliza bakuli.

Anza chini, kwenye sinia

Hatua ya kwanza haina fumbo lolote. Chukua sinia ndogo au sahani bapa yenye ukingo mfupi, iweke sakafuni mwa kizimba mahali ambapo hakuna kijiti juu yake, la sivyo itakuwa choo. Toa sehemu ndogo ya chakula cha siku, kama moja ya kumi, uinyunyize humo peupe kabisa. Kilichobaki kiache bakulini kama kawaida. Kisha gonga sinia kwa ukucha, ta-ta-ta, kama mama kuku anavyowaitia vifaranga. Baji ni ndege wa kundi, na mlio wa mwenzake anayekula humvuta.

Kwa nini sinia na si kitu cha kuning'iniza? Kwa sababu ya ule mguu niliokutajia. Mara ya kwanza nilinunua mdoli wa mbao wenye droo ndogo na minyororo, wa rangi za kuvutia, uliotengenezwa kwa kasuku wakubwa. Nikautundika katikati ya kizimba, nikajipongeza. Chiku na Sudi, wale baji wangu wawili, walijibanza pembe ya mbali kwa siku mbili, wamekonda shingo kwa woga, wakila tu nikitoka chumbani. Droo zile zilihitaji kushikwa kwa mguu na kuvutwa kwa mdomo mkubwa. Hata wangeuzoea wasingeweza kuzifungua. Mdoli ule sasa unabana mlango wa stoo.

Kwa hiyo mambo mawili kwa pamoja: kitu kipya kikae kwanza nje ya kizimba, mahali wanapokiona, siku mbili tatu kabla ya kuingia, na kianzie chini, kwenye sakafu, ambako miguu ya baji inajua la kufanya.

Akishazoea kula kwenye sinia, na wengine huzoea siku hiyo hiyo, anza kufunika. Vipande vya karatasi safi nyeupe, vichache, punje zikionekana kati yake. Kesho vipande zaidi. Mimi hupenda kuchanganya na ukindu mkavu usiotiwa rangi, ule wa kusukia mikeka, uliokatwa vipande vifupi. Baji huutafuna hata akiwa hatafuti kitu. Utakapomwona anauma kipande cha karatasi, anakitupa pembeni na kuchungulia palipokuwa, basi amelielewa jambo lenyewe. Mengine yote ni mapambo juu ya hilo.

Baada ya hapo njia ni nyingi na sioni haja ya kuzipanga kama ngazi. Funika nusu ya bakuli kwa karatasi, halafu robo tatu, halafu lote ukiacha kitundu cha kuingiza mdomo, atalipasua. Tengeneza vifurushi kama vile vilivyomkera shangazi: punje tano sita ndani ya kipande cha karatasi, mwanzoni mdomo wa kifurushi ukiwa wazi ili aone kilichomo, baadaye ukiuzungusha kidogo, mwishowe ukiufunga kabisa. Usianze na kilichofungwa.

Ninachokipenda kuliko vyote hakigharimu kitu: gunzi la mahindi. Likaushe vizuri juani, kisha pachika punje za uwele au ulezi kwenye vishimo vilivyoachwa na mahindi, moja moja. Lilaze kwenye sinia. Linabingirika, ana kazi ya kulifuata, punje zimebana kiasi cha kumlazimu kuzing'oa, na umbo lake si geni kwa mdomo wa ndege wa nafaka. Akishalimaliza anaanza kulichana lenyewe. Gunzi moja huwashughulisha wale wangu wawili karibu asubuhi nzima.

Majani mabichi nayo ni machakuro. Badala ya kukata sukuma wiki vipande vidogo kama vya mboga ya jioni, funga jani zima kwenye nondo za kizimba, likiwa limelowa maji. Watalidonoa, watalinyanyua, na wengine watajisugua humo kama bafuni. Giligilani, karoti iliyokwanguliwa na kunyunyizwa sinia zima, pilipili hoho iliyopasuliwa mbegu zikiwa ndani, zote zinafaa. Suke zima la uwele ni kama pipi: lina nguvu ya kumshawishi mwoga, lakini likiwa chakula cha kila siku linanenepesha. Na kama una kopo na udongo, otesha uwele mwenyewe, uingize kizimbani miche ikiwa na urefu wa kidole. Hapo baji wako atakuwa amefika karibu kabisa na kwao kuliko atakavyowahi kufika.

Ukiwa na wawili, usihangaike kuwafundisha wote. Mfundishe mwenye ujasiri, mwenzake atazame. Kwangu Sudi alichana karatasi siku ya nne. Chiku hakugusa kitu kwa siku kumi. Alikaa kijiti cha juu akikodoa. Siku ya kumi na moja alishuka akafanya vile vile alivyofanya Sudi, hadi ile tabia yake ya kukanyaga karatasi kwa mguu wa kushoto kwanza. Mwenye baji mmoja itabidi awe yeye Sudi: chana karatasi mbele yake kwa vidole, toa punje, mwachie.

Kuhusu kiasi, watu huniuliza lini bakuli liondoke kabisa. Kwangu halijawahi kuondoka. Nimefika mahali ambapo zaidi ya nusu ya chakula wanakitafuta, na sehemu iliyobaki ipo wazi bakulini. Wapo wafugaji wanaoficha chote, na ndege wao wana afya. Mimi natoka nyumbani mapema, foleni ya mjini naijua, na sitaki usalama wa ndege wa gramu 35 utegemee kama leo amelipata fumbo au hakulipata.

Vinavyokatazwa

Parachichi kwanza, maana kwetu ni tunda la kila nyumba na mtu mwema huona si vibaya kumgawia ndege. Lina sumu iitwayo pasini ambayo huharibu moyo wa ndege. Jaribio lililochapishwa mwaka 1989 lilitumia hasa baji na kanari, na baadhi yao walikufa ndani ya siku moja au mbili baada ya kulishwa. Chokoleti, kahawa, chumvi na pombe viko kwenye kundi hilo hilo la kutoguswa.

La pili ni ukungu. Punje zilizofichwa kwenye karatasi yenye unyevu, gunzi lililokaushwa nusu nusu, karanga za zamani: hapo ndipo kuvu inapoota na kutoa sumukuvu. Ndege na sumukuvu wana historia ndefu, kwani sumu hiyo iligunduliwa kwa sababu yao. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukafikia mashudu ya karanga yaliyokuwa yameota kuvu. Kwa hiyo machakuro makavu yabadilishwe kila siku au kila baada ya siku mbili, na chochote kibichi kitolewe kabla ya jua kuzama. Kwenye joto la pwani, kabla ya saa saba mchana.

Karatasi iwe nyeupe au ya khaki, isiyong'aa, bila gundi na bila pini za stepla. Karatasi za risiti za mashine usitumie, zina kemikali juu yake. Kamba za nailoni na nyuzi za mkonge zilizochambuka humnasa ndege kidole hadi kikafa ganzi, ndiyo maana nasema ukindu. Nyasi za kando ya barabara zina moshi na mara nyingi dawa ya kuulia wadudu. Na kwa kuwa wengi tunaweka kizimba karibu na jiko, nitaje hili ingawa si chakula: kikaango kisichoshika, kikipashwa moto kupita kiasi, hutoa hewa isiyoonekana ambayo humwua baji kwa dakika chache, mwenye nyumba akiwa hajahisi hata harufu.

Kuna nyakati za kuacha mchezo wote huu. Ndege anayeumwa, aliyejitutumua manyoya na kulala mchana. Jike anayetaga au wazazi wanaolisha makinda. Kinda ambalo ndiyo kwanza limeacha kulishwa mdomoni na bado linajifunza kukoboa. Ndege aliyeingia nyumbani kwako jana, ambaye bado hajui hata maji yako wapi. Huyo mpe wiki mbili atulie. Na baji anayebadilisha manyoya kwa kishindo, kila siku kizimba kimejaa vinyoya, huyo nampunguzia mafumbo, kwa kuwa mwili wake una kazi nyingine. Siku hizo bakuli hukaa mahali pake wazi, nalipuliza asubuhi na jioni, na gunzi hulala kando yake bila kupachikwa kitu, endapo atataka kulichana.